Gitaa Moja, Spika Mbili na Milisekunde Chache

Amplifaya ambayo kampuni ya Roland ya Osaka, Japani, iliitoa mwaka 1975 kwa jina la JC-120 ina spika mbili za inchi 12 ndani ya sanduku moja, na kila spika ina nguvu yake ya wati 60 isiyochanganyika na ya mwenziwe. Na mtu atakaye kufahamu namna sauti ya gitaa la umeme inavyoneneshwa kwa ucheleweshaji mfupi, hana haja ya kuanzia penginepo. Akiwasha korasi yake, yaani sehemu yake ya kunenesha sauti, kisha akainama na kuweka sikio karibu na spika moja, atasikia gitaa kavu, kama lilivyotoka katika waya. Akihamia spika ya pili atasikia gitaa lile lile likiyumba, nota zake zikipanda na kushuka kidogo bila ya kutulia, sauti ambayo peke yake haipendezi na ikisikilizwa sana inachosha. Walakini akisimama wima na kurudi nyuma hatua tatu au nne, haisikii tena ile kavu wala ile yenye kuyumba, bali anasikia gitaa moja lenye unene na upana ambao hakuna spika yoyote kati ya zile mbili iliyokuwa nao, kwa kuwa mahali zilipochanganyika sauti hizo si katika waya wala katika mtambo, ni katika hewa ya chumba na katika masikio yake mwenyewe. Dai langu ni kwamba mafundi mitambo wengi wa leo wamechukua nusu ya ufundi huu, ile ya kuchelewesha, na kuiacha nusu ya pili, ile ya kuyumbisha. Matokeo yake wanapata upana, nao hudhani wamepata unene.

Tuanze na sikio. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 1 ni sentimeta 34 za mwendo, na nakala ya gitaa iliyocheleweshwa milisekunde 10 humfikia msikilizaji kana kwamba imetoka mita tatu na nusu nyuma ya ile ya asili. Mwaka 1949 Helmut Haas, katika tasnifu yake ya udaktari huko Göttingen, Ujerumani, alionyesha kwamba maneno yakitoka katika spika moja, kisha yakarudiwa na spika ya pili baada ya muda mfupi usiozidi milisekunde 30 hivi, msikilizaji hasikii mwangwi wala hatambui kuwa zipo spika mbili. Huhisi kwamba yote yametoka katika ile iliyotangulia, ilhali ile ya nyuma humwongezea ukubwa na ujazo bila ya kujitangaza. Zaidi ya hayo, ile iliyochelewa iliweza kuzidishwa nguvu kufikia desibeli 10 hivi kabla haijasikika kuwa sawa na mwenziwe. Kipimo cha Haas kilikuwa cha maneno ya binadamu, na gitaa lina desturi zake: likipigwa safi kwa ncha ya pleki, mdonoo wa uzi ni mkali mno hata nakala huanza kusikika mbali mapema zaidi, lakini likipigwa kwa ile sauti iliyokwaruzwa ya roki, ambayo haina mwanzo mkali wala mwisho wa haraka, nakala hujificha kwa muda mrefu zaidi.

Hapo ndipo ilipozaliwa njia ya mkato ambayo kila mwenye programu ya kurekodia katika kompyuta anaijua. Huchukua gitaa moja, akalinakili, akaisogeza nakala mbele kwa milisekunde 15 au 20, akaitupa ya asili kushoto na nakala kulia, na katika visikizi gitaa hufunguka kwa upana wa ajabu. Kasoro ya kwanza hujitokeza upesi, nayo ni kwamba gitaa huegemea upande uliotangulia, kwa sababu ile ile aliyoieleza Haas, na fundi akitaka kulirudisha katikati hulazimika kuongeza nguvu ya upande wa pili hata mizani ya studio ikakosa usawa. Kasoro ya pili ni nzito zaidi, lakini haionekani mpaka pande mbili zikutanishwe katika mono, yaani zifanywe sauti moja.

Nitaieleza kwa hesabu ndogo. Uzi wa sita wa gitaa, ule mnene, ukipigwa wazi hutoa nota ya E na kutetemeka mara 82.4 kwa sekunde, maana yake ni kwamba mzunguko mmoja wa wimbi huchukua milisekunde 12.1. Iwapo fundi ameichelewesha nakala kwa milisekunde hizo hizo 12.1, na pande mbili zikakutana kwa nguvu sawa, mawimbi ya E huangukiana na nota hiyo huongezeka. Lakini B iliyo juu yake, ambayo mpigaji huipata katika uzi wa tano kwenye freti ya pili, hutetemeka mara 123.5 kwa sekunde, na katika muda ule ule hufanya mzunguko mmoja na nusu. Basi nakala inapanda pale ya asili inaposhuka, na sauti ya msingi ya nota hiyo hufutika, zikabaki sauti zake za juu tu, nyingine zimeongezeka na nyingine zimeliwa. Nota mbili hizo, E na B, ndizo wapigaji wa roki wanazozipiga pamoja kuliko zote. Ukipunguza ucheleweshaji mpaka nusu, yaani milisekunde 6.1 hivi, ni E yenyewe inayofutika. Kwa kila ucheleweshaji uuchaguao, safu nzima ya masafa hukatwa kwa vipindi vilivyo sawa, kama meno ya kitana, na kwa kuwa ucheleweshaji haubadiliki, meno nayo hayahami. Nota fulani za wimbo zitakuwa nyembamba tangu mwanzo hadi mwisho. Wanaosikiliza katika mono si wachache, hasa kwetu: yupo mwenye simu ya spika moja, yupo mwenye duka aliyeunga spika yake barazani, na ziko kumbi ambazo spika zote hupewa waya mmoja.

Tiba ya maradhi haya ilipatikana kabla ya kompyuta, na walioipata walikuwa wakishughulika na sauti ya mwimbaji wala si gitaa. Mwaka 1966, katika studio za EMI za mtaa wa Abbey Road, London, wakati Beatles walipokuwa wakirekodi albamu ya Revolver, fundi Ken Townsend alitafuta njia ya kumwondolea John Lennon adha ya kuimba wimbo ule ule mara mbili ili sauti yake ijae. Mtu angedhani kwamba mashine moja ya tepu yatosha, kwa kuwa kichwa cha kurekodia na kichwa cha kusomea vimeachana kidogo na sauti huchelewa kati yao. Lakini tepu ikikimbia kwa kasi ya sentimeta 38 kwa sekunde, sentimeta 1 tu ni milisekunde 26, na vichwa huachana kwa sentimeta kadhaa, kwa hiyo kinachopatikana ni mwangwi dhahiri wala si unene. Townsend aliukwepa ugumu huo kwa hila ambayo bado naiona ni ya kupendeza: sauti aliichukua mapema, kutoka kichwa cha kurekodia cha mashine ya kwanza kilichofanywa kusoma, akaipeleka katika mashine ya pili ili ichelewe humo, nayo ikatoka karibu sawia na wakati ile tepu ya kwanza ilipofika kwenye kichwa chake cha kusomea. Ucheleweshaji mrefu ukafutwa na mwingine mrefu, ikabaki tofauti ndogo baina yao. Na mashine ya pili iliendeshwa kwa osileta, ambayo kitufe chake fundi alikigeuza kwa mkono taratibu, nakala ikawa mara inasogea mara inarudi, pamoja na kidatu cha sauti kupanda na kushuka kwa kiasi ambacho sikio halikiiti kosa. Haukupita muda mtindo huo ukatumiwa hata kwa magitaa.

Mkono ule juu ya kitufe ndio nusu ya ufundi inayosahauliwa. Watu wawili wakipiga nota moja hawawezi kuafikiana kwa wakati wala kwa kidatu, na hitilafu baina yao haikai mahali pamoja. Kila nota ina hitilafu yake. Wenye kusikiliza taarab ya Unguja hawahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwani katika kikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa 1905, safu ya fidla hupiga muziki mmoja kwa pamoja, na ganuni yenyewe huwa na nyuzi tatu tatu kwa kila nota, na udi nyuzi mbili mbili kwa sehemu kubwa. Unene wa sauti ile umetoka katika hitilafu ndogo ndogo ambazo hakuna mpigaji aliyekusudia kuzifanya.

Kuuingiza mkono wa Townsend ndani ya sanduku la amplifaya kuliwezekana baada ya 1969, pale Sangster na Teer, watafiti wa Philips huko Uholanzi, walipotangaza sakiti inayopokezana chaji za umeme kutoka kapasita moja hadi nyingine, mfano wa watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji, kila mmoja akisubiri ishara ya saa kabla ya kumpa jirani yake. Chipu ya namna hiyo yenye hatua 512, saa yake ikipiga mara 50,000 kwa sekunde, huichelewesha sauti milisekunde 5 na kitu. Uzuri wake ni kwamba mwendo wa saa waweza kuongezwa na kupunguzwa bila ya kikomo cha mota wala uzito wa magurudumu, na hilo ndilo linalofanyika katika spika ile ya pili ya JC-120. Tuseme ucheleweshaji unapanda na kushuka kwa milisekunde 1 kila upande, mara moja kwa sekunde: pale unapobadilika kwa kasi zaidi, kidatu hupotoka kwa asilimia 0.6 hivi, yaani takriban sehemu ya 10 ya nusu-toni, kiasi cha wapigaji wawili hodari ambao hawakuzikaza nyuzi zao kwa mashine moja. Meno ya kitana yapo bado, lakini yanatembea, na hakuna nota inayofutwa kwa zaidi ya kitambo kidogo. Mwaka 1976 sakiti hiyo iliwekwa katika pedali ya Boss CE-1, yenye matundu mawili ya kutolea sauti, moja la sauti kavu na moja la yenye kuyumba. Wengi walichomeka waya katika tundu moja tu, mchanganyiko ukafanyika ndani ya waya badala ya hewani. Nao una ladha yake, ya majimaji, ila si unene ninaouzungumzia hapa.

Mwenye kompyuta waweza kumfaa mpango huu: gitaa la asili libaki katikati, na nakala mbili zitupwe pande mbili, moja ikichelewa milisekunde 11 na nyingine 17, ili meno yao yasiangukiane, kila moja iyumbe kwa mwendo wake wa polepole usiofanana na wa mwenziwe, na besi yao ikatwe chini ya mitetemo 150 hivi kwa sekunde, kwa kuwa sauti za msingi za nyuzi nene, ambazo tuliziona zikifutika, hazina haja ya kuneneshwa. Nguvu yao iwe ndogo: nakala iliyo chini ya ya asili kwa desibeli 10 haiwezi kuchimba shimo la zaidi ya desibeli 3 na kitu hata ikikutana nayo vibaya, hali iliyo sawa nayo huweza kuifuta kabisa. Kisha kitufe cha mono kibonyezwe, na E na B zipigwe pamoja zikiachwa zilie mpaka ziishe.

Na kama kikundi kina mpiga solo, mpiga gitaa la kati na mpiga rithimu, kila mmoja na njia yake, kama ilivyo ada katika bendi za dansi za Kongo na za kwetu, mimi ningeizima korasi kwa wawili na kumwachia mmoja tu, aghalabu yule wa rithimu, maana solo iliyonenepa hupoteza ncha ambayo kwayo hupenya.