Majina ya Wake katika Nasaba za Hawaii

Mtu asomaye Kumulipo, wimbo mkuu wa nasaba wa Hawaii, hana budi kuwa na subira. Mistari yake yapita 2,000. Huanza kwa kuimba asili ya ulimwengu, viumbe vya baharini, ndege na wanadamu. Kisha hufuata majina, safu kwa safu, na hapo wasomaji wengi hufunua kurasa upesi. Mimi naona kwamba wanakikimbia kiini cha wimbo wenyewe.

Majina hayo, kwa sehemu kubwa, yamepangwa mawili mawili, la mume na la mke. La mke halikuwekwa kuwa pambo. Miongoni mwa machifu wa kale cheo cha mtoto kilipimwa kwa mama kama kilivyopimwa kwa baba.

Tumtazame Keopuolani. Baba yake, Kiwalao, aliuawa mwaka 1782 katika vita na watu wa Kamehameha. Mama yake alikuwa dada yake Kiwalao, wa tumbo moja naye: ndoa ambayo kwingine ni chukizo, lakini kwa machifu wale ilimpa mtoto utukufu wa juu kabisa. Kamehameha alimwoa binti huyo wa adui yake, na mshindi akawa chini ya mkewe kwa cheo. Visiwa alivipata kwa vita; lakini utukufu wa wanawe waliomrithi, Liholiho na Kauikeaouli, ulitoka hasa kwa mama yao.

Hata hivyo safu hizo zina upungufu: humtaja mwanamke, wala hazisimulii tendo lake. Kamehameha alipokufa mwaka 1819, Keopuolani alikula pamoja na mwanawe mdogo Kauikeaouli, akavunja mwiko uliowatenga wanaume na wanawake katika chakula. Kaahumanu, mjane mwingine wa mfalme, alishiriki utawala na Liholiho, na mfalme huyo kijana hatimaye naye akala na wanawake. Aliyeuvunja mwiko ndiye ambaye miiko ilimtukuza kuliko wengi. Nasaba peke yake haituelezi ujasiri huo. Lakini bila nasaba hatuwezi kuupima.

Malkia Liliuokalani alilijua hilo. Alipinduliwa mwaka 1893, na alipofungwa katika jumba lake la kifalme mwaka 1895 alianza kuutafsiri Kumulipo kwa Kiingereza. Tafsiri ikatoka mwaka 1897. Aliyenyang'anywa kiti alirudi kwenye majina, kwa kuwa hayo hayakuweza kunyang'anywa. Basi mwanafunzi afikapo kwenye safu zile asiziruke.