Wasiwasi Ndio Akili

Kila mwaka, Jumamosi moja ya mwanzoni mwa Januari, wanafunzi wa timu zaidi ya 3,000, nyingi zikiwa za sekondari za Marekani, husubiri kuambiwa mchezo ambao roboti zao zitacheza msimu huo. Shirika la FIRST, lililoanzishwa na mvumbuzi Dean Kamen mwaka 1989, huufanya mchezo huo siri hadi siku hiyo. Msimu wa 2024 roboti zilirusha pete za sponji na kuning'inia kwenye mnyororo. Msimu wa 2025 zilipachika vipande vya mabomba ya plastiki kwenye matawi ya nguzo. Roboti ya mwaka jana haifai tena. Kazi inaanza upya, na mashindano ya kwanza yako wiki chache tu mbele.

Tumezoea kuwasifu vijana hawa kwa ubunifu, nao wanastahili. Lakini ubunifu mwingi huishia wiki za mwanzo. Wiki zinazobaki ni za ufundi mwingine, usio na jina kubwa wala picha za kupendeza: kutafuta kwa subira ni wapi mashine itawaaibisha. Wahenga walisema wasiwasi ndio akili, na sijui mahali ambapo msemo huo hufanyishwa kazi zaidi kuliko karakana ya roboti siku za mashindano zinapokaribia.

Tazama wanavyounga waya mmoja tu. Mwanafunzi anaumenya kwa kipimo, hakisii, maana nyuzi za shaba zikikatika mbili tatu waya umeshadhoofika. Anaingiza ncha kwenye kishikio cha shaba, anakibana kwa plaizi maalumu, kisha anafanya jambo ambalo mgeni huliona kama ukorofi: anaushika waya na kuuvuta kwa nguvu. Ukichomoka, anaukata na kuanza upya bila kununa. Uliochomokea mezani umemwokoa. Ungechomokea uwanjani, roboti ingesimama kama kisiki katikati ya mechi ya dakika mbili na ushei, umati ukitazama, na hakuna ambaye angeruhusiwa kuingia kuigusa. Baada yake huja mwenzake kuvuta waya zile zile, kwa sababu aliyeunga hupenda kuamini kwamba ameunga vizuri.

Nati nazo haziaminiki. Roboti hizi hugongana, na mtikisiko hulegeza kila kilichokazwa. Kwa hiyo wakishakaza, huchora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma ilichokalia. Mstari ukiwa umenyooka, nati haijasogea. Ukikatika, lete spana. Ukaguzi ambao ungekula saa nzima unakwisha kwa kupitisha macho.

Betri ndiyo yenye hila kuliko vyote. Ni ya volti 12, ina kilo tano na ushei, na kila mechi huanza na iliyojaa. Mota zote zikivuta kwa pamoja, volti hushuka. Zikifika karibu na 7, kompyuta ya roboti huzikatia mota umeme ili yenyewe isizimike. Dereva anaona roboti ikisitasita na kulaumu programu. Waandishi wa programu wanakesha wakisaka kosa ambalo halimo. Ndiyo maana timu iliyokomaa huipa kila betri namba na ukurasa wake: ilinunuliwa lini, ilichajiwa lini, mechi iliyopita ilifanyaje. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa timu hizi umeme ni mali.

Lililo gumu zaidi ni kubomoa. Msimu wa 2025 roboti haikuruhusiwa kuzidi pauni 115, yaani kilo 52 hivi, bila kuhesabu betri na bampa. Roboti ikipandishwa kwenye mizani ikaonekana imezidi, mjadala unaanza. Watatoboa matundu kwenye alumini, watabadili bolti ndefu kwa fupi, na mwishowe wataukodolea macho ule mkono wa ziada ambao mmoja wao alikesha akiuchora. Mkono unafanya kazi, ila si kila mara; na kisichofanya kazi kila mara hakisafiri. Kijana anayefungua kwa mikono yake kitu alichokipenda, ili timu ipite kwenye mizani, amejifunza somo ambalo watu wazima wengi maofisini hawajalimaliza.

Zamani muda ulibana zaidi. Hadi msimu wa 2019, wiki sita na ushei baada ya mchezo kutangazwa, roboti ilitiwa kwenye mfuko mkubwa wa plastiki na kufungwa kwa lakiri. Timu zenye uwezo zilijenga roboti mbili, moja ya kufungiwa na nyingine ya mazoezi. Zisizo na uwezo zilibaki na mawazo mengi na mashine isiyogusika. Kuanzia msimu wa 2020 mfuko uliondolewa, na nadhani ulikuwa uamuzi wa haki: nafasi ya kurekebisha haipaswi kuwa ya matajiri peke yao.

Wasiwasi huu si woga. Mwoga haigusi mashine; mwenye wasiwasi huigusa kila mara. Wala si uchoyo. Woodie Flowers, profesa wa MIT aliyeshirikiana na Kamen kuyalea mashindano haya hadi alipofariki mwaka 2019, alihimiza watu washindane kwa bidii huku wakiheshimiana. Vibandani, timu zinakotengenezea roboti, maneno hayo huonekana kwa vitendo. Timu ikiharibikiwa na mota, hutangaza, na mara nyingi anayeileta ni mpinzani. Mpangilio wenyewe unasaidia: timu tatu hucheza dhidi ya tatu, na katika mechi za kufuzu makundi hubadilika, hivyo uliyemnyima spana asubuhi unaweza kupangwa naye upande mmoja mchana.

Ufundi huu umeshafika kwetu. Mashindano ya FIRST Global, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza Washington mwaka 2017, hualika timu moja kutoka kila nchi, na Kenya, Tanzania na Rwanda zimeshapeleka vijana wao. Timu hujenga kwa vifaa vya aina moja, kutoka sanduku linalofanana. Hapo kisingizio cha vifaa kinapungua, na kinachobaki ni mikono: nani amefungua na kufunga mara nyingi zaidi, nani amevuta kila waya.

Kwa sababu hiyo nina neno kwa walimu wakuu. Vifaa vya namna hii vinapoletwa shuleni, mara nyingi hupokewa kwa sherehe, hupigwa picha pamoja na mgeni rasmi, kisha hufungiwa kabatini visije vikaharibiwa na watoto. Huo nao ni wasiwasi, lakini umebisha mlango usio wake. Skrubu ikipotea itanunuliwa nyingine, na mota iliyoungua ni somo la umeme ambalo darasa zima litalikumbuka. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne bila kuvuta waya hata mmoja hatarudi kuuvuta. Mwalimu mkuu, toa ufunguo.