Upepo Ndani ya Dizeli

Kitu cha kwanza alichofanya fundi ni kuchomoa waya wa betri. Dereva alikuwa bado juu ya kiti, kidole kwenye swichi, anataka kupiga stata tena. Tangu alfajiri yadi nzima ilikuwa ikisikia ule mkoromo unaozidi kulegea, kama mgonjwa aliyechoka kulalamika. "Teremka ukanywe chai, mwanangu," fundi akamwambia. "Stata haijawahi kutengeneza trekta."

Yadi yenyewe ipo Kibamba, ndani kidogo kutoka Barabara ya Morogoro, siku hizi barabara pana inayokwenda Kibaha. Trekta ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1964, injini ya Perkins yenye pistoni tatu. Wekundu wake umeshageuka rangi ya tofali la kuchoma. Msimu wa kulima linapelekwa mashamba ya Ruvu. Ukiisha msimu linavuta tela la mchanga na tangi la maji kwa watu wanaojenga huku juu. Mwenye trekta ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, uso umemkunjamana, kwa sababu fundi wa jana alimwambia pampu imekufa na lazima ipelekwe mjini. Pampu ya dizeli ikishapelekwa mjini, kila anayeigusa anadai chake.

"Shikamoo fundi. Hivi kweli imekufa?"

"Marahaba mama. Pampu tusiisingizie kwanza."

Nilikuwa nimekwenda pale kuchukua tela la mchanga. Niliahirisha mchanga.

Akaanza kwa maswali, na yalikuwa mawili tu. La kwanza: jana trekta lilizimaje? Dereva akasema lilianza kukosa nguvu, likakohoa, likajizimia taratibu; wakapiga pampu ya mkono, likawaka, likaenda mwendo wa dakika kumi, likazima vilevile. La pili: leo, wakati wa kupiga stata, bomba la moshi lilitoa moshi gani? Hakuna aliyekuwa na jibu, wote walikuwa wakitazama stata. Kijana mmoja mwanagenzi, aliyekuwa amesimama nyuma, akasema hakuona moshi wowote.

"Haya," fundi akasema, na nadhani hapo nusu ya kazi ilikuwa imeisha. Moshi mweupe ungemwambia kwamba dizeli inafika ndani ila haiungui, aende akatafute ubovu kwenye pistoni na valvu. Bomba kavu lina habari nyingine: mafuta hayafiki. Injini yenyewe ikaachwa ipumzike, akabaki na njia moja ya kufuata, kutoka tangini mpaka kwenye nozeli.

Injini hizi hazina plagi ya kutoa cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyefanikisha injini yake mwaka 1897, alitegemea jambo ambalo mtoto yeyote aliyejaza baiskeli upepo analijua kwa vidole: hewa ukiibana inapata moto. Pistoni inaibana hewa mpaka inabaki sehemu ndogo sana ya ujazo wake, inachemka kupita kiasi, ndipo nozeli inapopuliza dizeli kama ukungu, nayo inalipuka yenyewe. Ili nozeli ifunguke, mafuta yanatakiwa kusukumwa kwa shinikizo kubwa mno, zaidi ya mara 150 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Dizeli inaweza kubeba msukumo huo kwa sababu kimiminika hakibonyei. Upepo unabonyea. Povu dogo likikaa kwenye bomba, pampu inasukuma, povu linajikunja; pampu inaachia, povu linajikunjua; nozeli haina habari. Ndiyo maana mafundi wanaposema trekta "limevuta upepo" wanasema jambo zito, ijapokuwa lugha yenyewe inachekesha kidogo: chombo cha tani na ushee kimelazwa na kitu kisichokuwa na uzito.

Akaanza mahali ambapo fundi mwenye haraka angeona aibu kuanzia. Akashika kitasa cha kuzimia, akakisukuma mpaka mwisho kuhakikisha hakijabaki nje. Akapapasa koki ya tangi. Kisha akatazama mfuniko wa tangi, au tuseme mahali ulipotakiwa kuwa. Mfuniko ulishapotea zamani. Mdomo wa tangi ulikuwa umezibwa kwa nailoni iliyokunjwa mara tatu na kukazwa kwa utepe wa mpira wa tyubu, kazi safi, hata tone la mvua lisingepita. Akaufungua utepe ule polepole, sikio limeinama karibu. Fyuuu.

Ni sauti ndogo. Waliokuwa wanaongea hawakuisikia. Yeye hakuieleza pale pale. Aliiweka nailoni juu ya tairi kama mtu anayetunza risiti, akaendelea na safari yake.

Chini ya filta akalegeza skrubu ya kumwagia, akakinga chupa tupu ya maji ya kunywa, akaisimamisha kwenye kivuli. Huu ndio uchunguzi ninaoupenda, kwa sababu hauhitaji kitu chochote isipokuwa muda. Maji ni mazito kuliko dizeli, yakiachwa yanashuka. Baada ya robo saa chini ya chupa palikuwa na tabaka jembamba linalong'aa, na juu yake utando mweusi wenye utelezi, ule unaoota pale maji na dizeli vinapokaa pamoja muda mrefu. Tangi likilala nusu tupu katika unyevu wa Dar es Salaam, hewa iliyomo inatoa jasho usiku, na jasho hilo haliondoki.

Akanusa pia. Zamani, akasema, ilibidi unuse sana, kipindi cha uchakachuaji, dizeli ilipokuwa ikichanganywa na mafuta ya taa, mpaka mwaka 2011 serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa ili mchezo ule usiwe na faida. Pampu kubwa ya trekta hili haina oili yake. Inalainishwa na dizeli ileile inayopita ndani yake. Mafuta ya taa hayana ulaini huo. Pampu nyingi za miaka ile zilikufa zikiwa zinafanya kazi.

Ukafika wakati wa kutafuta upepo ulikoingilia. Macho ya wote yalikuwa kwenye unyevu: wapi panavuja? Fundi alikuwa akipapasa pakavu. Kati ya tangi na kipampu cha mkono palikuwa na kipande cha mpira kilichowekwa badala ya bomba la chuma, ncha yake imekauka ikawa ngumu kama ganda. Hapakuwa na tone. Upande huo mafuta yanavutwa, na tangi likishazibwa kabisa, kila lita inayotoka inaacha utupu nyuma yake. Kipampu kinavuta, tangi linakataa kutoa, basi kinachokubali kuja ni hewa ya nje kupitia ufa ule. Panavuja kwenda ndani. Akakata ncha iliyokufa, akaurudisha mpira, akaukaza. Filta mpya ikafungwa. Zile washa za shaba alizozilegeza akazichoma kwenye kijiko juu ya moto wa mama ntilie mpaka zikawa nyekundu, akazitumbukiza majini. Shaba ikifanyiwa hivyo inalainika, inaziba upya.

Kisha kutoa upepo. Mwanagenzi akapewa kipampu cha mkono, akapiga, hakikuwa na ugumu wowote. "Kimebanwa na kemu. Geuza injini kidogo." Wakaigeuza kwa feni, mkono ukapata kazi. Skrubu ya filta ikatoa povu jeupe, povu likapungua, ikaja dizeli tupu. Ikafungwa huku mkono ukiendelea kupiga. Kwenye pampu kubwa skrubu mbili, vivyo hivyo. Mwisho nati tatu za nozeli, zote zimelegezwa nusu mzunguko. Hapo ndipo aliporudisha waya wa betri.

Stata ikazunguka. Nati ya kwanza ikatema, ya pili ikatema, ya tatu ikachelewa. "Endelea." Ikatema. Akazikaza moja moja, na alipofika ya pili injini ilikuwa imeshaanza kupiga kwa mguu mmoja, ikapata wa pili, ikakamilika.

Watu wakashangilia, mama akainuka kwenye ndoo. Fundi alikuwa ametafuta mfuniko wa kopo la rangi unaotosha mdomo wa tangi, akautoboa tundu moja kwa msumari. Dereva akauliza kama aondoke sasa, mchanga unasubiriwa.

"Jana lilikwenda dakika ngapi?"

"Kumi."

Fundi akavuta kiti, akakaa akilipa trekta mgongo, akaagiza chai. Sisi wengine tukatazama saa.