Mateja wa Kwenye Karatasi

Uhakiki. Kutoka Nduguti

Katika hadithi za vijana wa leo hakuna mhusika anayekufa haraka kama teja. Akiingia ukurasa wa pili, ukurasa wa tano yuko chini ya daraja, sindano mkononi, nzi usoni. Ukurasa wa sita wananchi wenye hasira kali wameshammaliza, au kazidisha dozi. Hapo mwandishi anatutupia methali: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mwisho. Washikaji kijiweni wanapiga makofi, hadithi imekwisha na funzo tumepata.

Funzo gani, jamani?

Nimezisoma nyingi za namna hiyo. Nyingine zimeandikwa hapa hapa Nduguti, kwenye kaunta buku, na watu ambao heroini hawajaiona kwa macho yao. Kutoiona si dhambi. Mtu haandiki juu ya kifo kwa sababu ameshakufa. Tatizo ni kwamba teja wetu tumemwazima mzima mzima kutoka kwenye filamu na nyimbo za Dar es Salaam, tukamleta Mkalama akiwa hana kwao, hana ukoo, hana hata jina. Wahakiki humwita mhusika wa namna hii mhusika bapa. Mimi nasema huyu hata bapa hajafika. Ni picha iliyobandikwa ukutani.

Hebu tuanze na neno lenyewe, maana mwandishi kazi yake ni maneno. Mteja ni mtu anayekuja dukani kwako, unamkaribisha. Toa ile “m” ya mwanzo, unabaki na teja, wingi mateja. Kiswahili kinajua vizuri mchezo huo: mtu akidharauliwa huwa jitu, mtoto huwa toto. Sikiliza watu mtaani: “Hili teja limeiba sufuria.” Ngeli imeshahukumu kabla polisi hawajafika. Maneno mengine yapo. Mraibu lipo, mtumiaji lipo. Sikatazi kuliandika teja, maana ndilo linalosemwa mtaani na hadithi lazima isikike kama mtaa. Ninachouliza ni hiki: nani analisema? Mama muuza maandazi akilisema, sawa, tunamjua mama huyo. Msimulizi akilisema kuanzia sentensi ya kwanza mpaka ya mwisho, basi mwandishi ameungana na wanaorusha mawe.

Mfano wa kazi iliyofanya vizuri zaidi tunao, wengi tuliusoma sekondari. Ni *Watoto wa Mama Ntilie* cha Emmanuel Mbogo, kilichotoka mwaka 2002. Mbogo anatuonyesha kwanza watoto wanaokosa shule kwa sababu ya ada na sare. Halafu anatupeleka jalalani. Mpaka dawa za kulevya zinapoingia kwenye hadithi, tumeshaijua njaa ya watoto wale, tunawajua kwa majina. Hatuwezi tena kusema “hayo mateja.” Unaweza kulalamika kwamba kitabu kina mafunzo mengi, na mimi nitakubali. Lakini mpangilio wa matukio ni wa mtu aliyejiuliza swali: ilianzaje?

Sasa kwa nini tuumize kichwa kwa wahusika wa karatasi? Kwa sababu karatasi na mtaa vinasomana. Februari 2017, Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitaja hadharani majina ya watu waliotuhumiwa kwa dawa za kulevya, wasanii wakiwamo. Tuhuma za kutumia na tuhuma za kuuza ziliingia kapu moja. Kabla mahakama haijasema neno, nchi nzima ilikuwa inacheka majina. Tulikuwa tumezoea hadithi ile ile: akitajwa tu, tunajua mwisho wake.

Na mwisho mwingine upo, ila hatuuandiki. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watu wenye uraibu wa heroini. Baadaye huduma ikafika Mwananyamala, Temeke na kwingineko. Mwanamuziki Rehema Chalamila, Ray C tunayemjua sote, alijitokeza kuzungumza juu ya uraibu wake na matibabu yake, na mwaka 2012 alikwenda Ikulu kumshukuru Rais Kikwete kwa msaada. Hiyo ni hadithi ya mtu anayerudi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, walisema wahenga, lakini sisi methali hiyo tumeiacha tukang’ang’ania ile ya kumlaumu mama.

Tena angalieni, waandishi wenzangu, methadoni ina visa vya hadithi ndani yake. Kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku, mbele ya mhudumu, kituoni. Kila siku! Haya, mchukue kijana wa Nduguti aliyenasa akiwa mjini. Ili apone lazima akae karibu na kituo. Nani atampangisha chumba? Tajiri gani atamwajiri akijua kwamba kila asubuhi lazima apitie kliniki? Akirudi nyumbani msimu wa alizeti, dozi yake ataipata wapi? Na akikutana na mjomba stendi, atasema ametoka wapi? Hapo pana migogoro mitano, na hakuna hata mmoja unaohitaji daraja wala nzi.

Tuje kwenye sheria, maana ndipo wengi wanapokasirika. Sheria yetu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inamhesabu mtumiaji kuwa mkosaji, siyo muuzaji peke yake. Ureno walichukua njia nyingine mwaka 2001. Kuuza kulibaki jinai, lakini anayekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe, kisichozidi cha siku kumi, hapelekwi jela. Anapelekwa mbele ya jopo linalotazama kama anahitaji matibabu. Afrika Kusini mwaka 2018 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mtu mzima kuvuta bangi faraghani kwake si jinai.

Mimi naona mtumiaji hastahili jela. Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kijinga. Mzazi ambaye mwanawe amebeba gunia la vitunguu usiku akaliuza hataki kusikia habari za Ureno. Anataka mtu wa kumsaidia, na mtu pekee anayemjua ni polisi. Basi mwandike mzazi huyo! Mwandike akienda kituoni kumshitaki mwanawe mwenyewe, halafu mwandike siku anayompelekea chakula mahabusu. Wizi utabaki wizi. Lakini kijana anayejua kwamba akikiri kutumia atafungwa na kuitwa teja mpaka kufa, atakiri kwa nani? Ataficha mpaka iwe too late ya mwili, na mama yake ataficha pamoja naye.

Tusisahau unafiki wa nyumbani. Hapa kwetu mzee akilewa pombe ya mtama mpaka alale njiani, tunamwita mzee kachangamka, tunambeba mpaka kwake. Kijana akinusa bangi, ukoo mzima unaitwa kikao. Hadithi zetu zinamchekea mlevi na kumuua mvuta bangi. Mwandishi aliyekulia Nduguti anaijua tofauti hiyo kuliko mwandishi yeyote wa Kinondoni, kwa kuwa hapa hakuna mtu asiye na jina. Mlevi ni mtoto wa fulani, na mvuta bangi ni mtoto wa fulani vilevile.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandika sasa hivi ni dogo. Teja wako mpe jina katika sentensi ya kwanza. Mpe kitu anachokipenda kisichokuwa unga. Mpe mtu mmoja anayemdai na mmoja anayemngoja. Kisha jaribu kumuua ukurasa wa sita, uone kama kalamu itakubali.