Mtikisiko Uliotulia kwa Mzigo

Dereva alilitaja jambo lenyewe siku ya kwanza, na hakuna aliyemsikiliza, nami nikiwemo. "Ikibeba gunia inatulia, kaka," alisema. "Ikiwa tupu ndiyo inaleta fujo." Tukacheka. Kila gari likibeba mzigo hutulia, si ndivyo? Chombo kizito hakirukiruki. Ilichukua wiki tatu na fedha za kutosha kabla sijarudi kwenye sentensi ile na kuiona kuwa kipimo.

Gari lenyewe ni Land Cruiser pikapu la shemeji yangu, lile tunaloliita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda ubavuni mwa kioo. Injini ni 1HZ ya dizeli, silinda 6, gia 5. Kazi yake ni mahindi na mpunga kutoka Zombo na Ulaya kuja Mikumi. (Ulaya ya Kilosa, ndugu msomaji, ile isiyohitaji viza.) Njia ya Kilosa hadi Mikumi ni kilomita 70 hivi, na sehemu niliyoizoea mimi ni ya vumbi kiangazi na tope masika. Kwenye vumbi gari halina siri wala halina ukweli: kila kitu kinatetemeka, kwa hiyo hakuna kinachojulikana. Ugonjwa ulijitokeza kwenye lami. Ukitoka Mikumi kuelekea Iringa, mwendo ukifika 70 kioo cha ndani kinaanza kutetema hadi taa za lori la nyuma zinakuwa mistari. Kwenye 80 sakafu inanguruma chini ya nyayo, na chupa ya maji inachora miduara. Juu ya hayo kulikuwa na mlio wa pili: ukibadili gia, chini kunagonga mara moja, ko!, kama mtu aliyedondosha nyundo.

Nilipoletewa kesi, matairi manne yalikuwa yameshafanyiwa balansi Morogoro. Raba za injini zilikuwa mpya. Oili ya difu ilibadilishwa. Na bei ya difu la mtumba ilikuwa imeshaulizwa Dar es Salaam, kwa sababu gereji ya mwisho ilitoa hukumu kwamba "difu limekwisha". Ukitazama orodha hiyo utaona inavyokwenda: kila mmoja alianza na kipuri anachokifahamu, akaenda kuutafuta ugonjwa unaolingana nacho. Hakuna aliyeuliza mtikisiko unazunguka na nini.

Maana vitu vya gari havizunguki kwa kasi moja. Tulikwenda pembeni, tukapiga alama ya chaki kwenye tairi na ardhini, tukasukuma gari hadi chaki ikarudi chini, tukapima kwa futi kamba: mita 2.45 kwa mzunguko mmoja. Mwendo wa 80 kwa saa ni mita 22.2 kwa sekunde. Gawanya: gurudumu linazunguka mara 9 kwa sekunde. Difu la gari hili lina meno 41 kwa 10, yaani propela, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi hadi difu, inazunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja, kwa hiyo propela ni mara 37 kwa sekunde. Tairi bovu litakutikisa mara 9. Propela iliyopoteza uzani itakutikisa mara 37. Meno ya difu yanakutana mara 370 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo utasikia mluzi; chupa ya maji haitaona kitu. Kwa hesabu hiyo tu difu lilikuwa limeshapata dhamana, ingawa hatukuliachia bado.

Majaribio yenyewe hayahitaji mashine. Gari likiwa limesimama, tulipandisha injini hadi mizunguko 2,200 kwa dakika, ile inayokuwa nayo kwenye 80 kwa gia ya 4. Kimya. Injini ikatoka kizimbani pamoja na raba zake, na klachi nayo kwa sehemu kubwa. Kisha barabarani, kwenye lami iliyonyooka nje ya hifadhi: fika 80, kanyaga klachi, weka gia huru, acha gari liserereke. Mtikisiko ukapungua kidogo lakini ukabaki. (Ufunguo usiguswe. Ukizima injini gari likiwa mwendoni, breki inapoteza msaada wake na usukani unaweza kujifunga. Nimeona watu wakifanya hivyo, nao wanaitwa mafundi.)

Jaribio la tatu ndilo ambalo wengi huliruka. Kwenye gia ya 4 injini na propela zinazunguka sawasawa, moja kwa moja, kwa hiyo ukipima hapo tu huwezi kujua ni nani kati yao anayelia. Tukarudia kwa gia ya 5, mwendo uleule wa 80. Injini ikapungua kasi, mtikisiko haukubadilika hata chembe. Basi unazunguka na kilicho nyuma ya giaboksi.

Nikaweka simu sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, ikiwa na programu ya kupima mtikisiko, na simu nyingine ikitupa mwendo kwa setilaiti, kwa kuwa kipima mwendo cha dashibodi huwa na maringo. Mchoro ulitoka na kilima kidogo kwenye 9, kingine cha kubahatisha kwenye 37, na mlima mmoja mrefu kwenye 74.

Sabini na nne ni 37 mara mbili. Kinachotikisa mara mbili kwa kila mzunguko wa propela ni krosi.

Hapa inafaa kukaa kidogo. Krosi ni ule msalaba wa chuma unaounganisha masikio mawili ya shafti na mawili ya flenji ili propela izunguke huku ikipinda. Robert Hooke wa Uingereza aliandika juu ya kiungo cha namna hiyo katika karne ya 17, magari yakiwa hayajaotwa, na tabia aliyoikuta ndiyo hii iliyoko chini ya mkonga. Kikiwa kimepinda, kiungo hicho hakitoi mzunguko laini. Upande wa kuingia unazunguka kwa kasi moja, upande wa kutoka unakimbia na kuzubaa, unakimbia na kuzubaa, mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa pembe ya digrii 9, tofauti ni zaidi kidogo ya asilimia 1 kila upande. Ni ndogo kwa karatasi. Kwa chuma kizito kinachozunguka mara 37 kwa sekunde si ndogo.

Dawa yake ni krosi ya pili. Mwisho wa propela unawekewa kiungo kingine chenye pembe ileile, kinachozubaa pale cha kwanza kinapokimbia, na difu linapokea mzunguko laini. Lakini wawili hawa wanafutana kwa sharti: masikio ya mwisho mmoja wa propela yawe kwenye mstari mmoja na masikio ya mwisho wa pili. Na propela yenyewe si kipande kimoja. Katikati ina sehemu ya meno inayoteleza, kipande kimoja ndani ya kingine, ili irefuke na kufupika springi zikicheza. Ukiichomoa sehemu hiyo na kuirudisha bila kufuata alama, meno yanaingia popote. Hayakukatalii.

Tulilipeleka gari Mikumi, kwenye gereji ya wazi ya fundi mmoja mzee pembeni ya barabara kuu. Mji huu ni njia panda: ukitoka Morogoro, mbele ni Iringa na Zambia, kushoto Kidatu na Ifakara, kulia Kilosa. Malori ya Tanzam, barabara kuu ya kwenda Zambia, hayalali hapa, na mafundi wake wamejifunza kwa masikio.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Hilo ndilo lililokwisha difu?"

"Ndivyo wanavyosema, mzee."

Hakujibu. Aliweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, akainua nyuma kwa jeki, akasimamisha vigogo chini ya ekseli, akaingia. Kwanza akashika flenji ya difu kwa mikono miwili akaitingisha; mchezo ulikuwa wa kawaida. Akafungua tundu la oili akachovya kidole: nyeusi-kahawia safi, haikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hilo si dogo kwa gari la njia ya Kilosa. Ukivuka maji ya masika difu likiwa la moto, linapoa ghafla na kuvuta maji kupitia sili au tundu la pumzi, na oili yenye maziwa ndiyo inayoua meno. Hili lilinusurika.

Kisha akaomba kipande cha mbao iliyonyooka. Akageuza propela hadi masikio ya mwisho wa giaboksi yakalala usawa, akaweka mbao, akatazama masikio ya nyuma. Yalikuwa yamepinda kama kofia iliyovaliwa upande. Tukahesabu kwenye meno: mawili. Digrii kama 30.

Mtu atasema meno mawili ni nini. Kwa sababu krosi hukimbia na kuzubaa mara mbili kwa mzunguko, kosa la digrii 30 linahesabika kama 60, na ukiifanya hesabu hiyo unakuta mabaki yanalingana na krosi moja isiyo na mwenzake. Yaani krosi ya pili imo, inazunguka, inapakwa grisi, lakini ni kama haipo.

Hapo ndipo sentensi ya dereva iliporudi. Gari hili liliongezewa majani mawili kwenye springi za nyuma ili libebe zaidi, na likiwa tupu linainua makalio. Tukapima kwa kipima pembe cha simu: tupu, propela inakutana na flenji kwa digrii 9. Tukapakia magunia 10 ya mahindi ya jirani, aliyekubali kwa masharti ya soda. Pembe ikashuka hadi 5. Na ukali wa krosi hauongezeki kwa pembe bali kwa pembe iliyozidishwa kwa yenyewe: 81 dhidi ya 25. Likiwa tupu mtikisiko ni zaidi ya mara tatu ya likiwa limebeba. Dereva alikuwa ametupa jibu lote kwa maneno manne, sisi tukaenda kununua raba za injini.

Jinsi meno yalivyokosewa haikuwa fumbo. Mwisho wa masika gereji moja, ambayo siitaji, iliishusha propela ili kuipaka grisi. Kiwandani vipande hivyo hutiwa alama. Kwenye gari hili alama zilikuwa chini ya tope gumu la mbuga ya Mkata, lile jeusi linalokauka kama saruji. Hawakulikwangua.

Krosi ya nyuma nayo ilikuwa imechoka, na yenyewe ndiyo iliyokuwa ikisema ko. Nani asiyeusikia mlio huo hifadhini Mikumi? Barabara kuu inakatiza mbugani kilomita 50, mwendo una kikomo kwa ajili ya wanyama, na matuta hayaishi. Kila tuta unaachia mafuta, unapunguza gia, unakanyaga tena, na kila mara nguvu inageuka upande. Krosi iliyolegea lazima iseme. Mzee alipotoa vile vikombe vinne, viwili vilikuwa na grisi. Viwili vilikuwa na unga mwekundu mkavu, mithili ya pilipili ya kusaga, na sindano za ndani zimechora mifereji kwenye mkono wa msalaba. Ukipitisha ukucha unaihesabu mmoja mmoja. Maji yaliingia, grisi ikatoka, kazi ikabaki ya chuma kwa chuma.

Krosi mpya aliiingiza kwa jiliwa na boksi spana mbili, moja ya kusukuma na moja ya kupokea, bila nyundo. Ukigonga, sindano moja inaanguka na kulala chini ya kikombe, kikombe hakifiki mwisho, pete ya kufungia haikai, na fundi mwenye haraka anaikata pete kwa tupa. Mzee alikuwa na hadithi ndefu juu ya mtu wa namna hiyo na propela iliyoanguka njiani, lakini haikuhusu gari hili. Alipaka grisi hadi ikachungulia kwenye sili zote nne. Ikigoma kutoka kwenye moja, alisema, legeza, tingisha, pampu tena; ukiacha hivyo, huo mkono ni mkavu toka siku ya kwanza.

Nilitaka tuifungue na propela ya mbele tuilinganishe vilevile. Akanizuia. Baadhi ya Land Cruiser hutoka kiwandani masikio ya propela ya mbele yakiwa yamepishana kwa makusudi, kwa sababu pembe za mbele hazilingani. Ukiyanyoosha kwa kudhani unarekebisha, umeanzisha ugonjwa. Alama ya kiwandani ndiyo inayofuatwa, macho baadaye.

Majani ya springi tuliyaacha. Shemeji anaishi kwa magunia, na propela iliyopangwa sawasawa inaivumilia pembe ile, ingawa haiimezi yote; shafti ya katikati bado inakimbia na kuzubaa hata kama difu halioni.

Jioni tukarudi kwenye lami ileile, gari tupu, 80 kwa setilaiti. Mlima wa 74 ulikuwa umebaki kichuguu. Kioo kikatoa taa za lori zikiwa mbili, za duara. Na kwa kuwa kelele kubwa ilishaondoka, tukaanza kusikia ndogo: kile kilima cha 9 kilikuwepo bado, usukani ukicheza polepole mkononi. Tairi la mbele kushoto. Lilipita balansi Morogoro, lakini lina uvimbe wa ndani unaouona likizungushwa juu ya jeki, na balansi haiponyi tairi lisilo duara.

Kabla hatujaondoka mzee alirudi chini na patasi. Akapiga mkwaruzo mmoja kwenye kipande cha mbele cha propela na mwingine ulioelekeana nao kwenye kipande cha nyuma, akapita juu kwa rangi nyeupe. Dereva akauliza tairi linaweza kufika Zombo.

"Nyuma litafika," mzee alisema. "Mbele usilipeleke."

Tukalihamishia nyuma.