Ulinganifu Umevunjwa au Umevunjika?

Istilahi mbovu hufundisha fizikia mbovu. Mfano ni "uvunjaji wa ulinganifu", tafsiri inayokuja upesi mdomoni zinapotajwa nadharia za uga. Tafsiri hii ina kasoro ya kisarufi, na kasoro hiyo hupotosha maana.

Nomino "uvunjaji" inadai mvunjaji. Tuchukue nadharia ya uga wa skala na fermioni zinazoathiriana, ambayo ulinganifu wake haukubali fermioni kuwa na tungamo. Mwanafizikia akiliingiza tungamo hilo kwa mkono wake, ulinganifu umevunjwa: kauli ya kutendwa, na mtenda yupo. Lakini akiuacha mlinganyo kama ulivyo, uga wa skala waweza kutulia kwenye thamani isiyo sifuri, na fermioni zikapata tungamo kwa kuathiriana nao. Hapo ulinganifu umevunjika: kauli ya kutendeka, haina mtenda. Kiambishi -w- na kiambishi -ik- vinatosha kutenga fizikia mbili. Mwanafunzi wetu mwenye Kirundi hatapotea, maana anajua kuvunwa na kuvunika. Akumbuke tu kwamba "kuvuna" kwa Kiswahili ni kazi ya shambani.

Hata hivyo "kuvunjika" nako kunahitaji tahadhari. Chungu kikivunjika kimekwisha, mlinganyo haukuharibika. Tazama chupa ambayo kitako chake kimeinuka kwa ndani. Haragwe likiwekwa juu ya kilima hicho litateremkia upande mmoja. Chupa imebaki mviringo. Haragwe ndilo lililoegemea upande. Mwalimu asipolisema hili, darasa litadhani sheria imefutwa.

Jambo hili si la vitabuni tu. Nambu na Jona-Lasinio walieleza tungamo la fermioni kwa njia hii mwaka 1961, na Nambu akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Chembe ya Higgs ilitangazwa CERN mwaka 2012. Mwaka 2018 ikathibitika kwamba huathiriana na kwaki iliyo nzito kuliko zote. Mwaka huohuo taasisi ya EAIFR, ya utafiti wa fizikia ya msingi, ilianzishwa jirani hapa Kigali. Vijana watakaosoma huko wataulizwa nyumbani wanasoma nini.

Tunapendekeza basi: "kuvunjwa" pale mtu alipoingiza mkono, "kuvunjika" pale uga ulipojichagulia upande. "Uvunjaji" tuwaachie polisi.