Kamera Iliyopimwa kwenye Baridi ya Wengine

Vijana ninaofanya nao kazi hawajasoma tahakiki ya riwaya tangu walipofunga daftari la kidato cha nne. Lakini uhakiki wanautazama kila siku, tena kwa umakini ambao mwalimu yeyote wa fasihi angeutamani darasani kwake. Mtu anasubiri gari pale Maili Moja, simu mkononi, anamsikiliza Mkanada au Mwingereza kwa dakika ishirini akilinganisha lenzi mbili. Video ikiisha anajua ipi ni kali mpaka pembeni, ipi inachelewa kushika fokasi, ipi ina pete laini. Huo nao ni uhakiki. Una lugha yake, kanuni zake na mabingwa wake. Tena, tofauti na uhakiki wa riwaya, huu unawatoa watu fedha mfukoni.

Ndiyo maana nataka kuuhakiki wenyewe. Kazi yangu ni kupiga picha na video za sherehe kati ya Kibaha na Kisarawe: harusi, sendofu, kipaimara, maulidi, mahafali, na mara mojamoja mwali anapotolewa nje na mdundiko ukaanza kutembea barabarani. Swali ninaloulizwa mara nyingi halihusu namna ya kupiga picha nzuri. Ni hili: "Yule jamaa wa YouTube anasema kamera fulani ndiyo yenyewe. Ni kweli?" Jibu langu fupi ni kwamba mara nyingi ni kweli, ila ukweli wake una anwani, na anwani hiyo si ya hapa.

Tuwape haki yao kwanza. Kabla yao, wengi wetu tulitegemea tangazo la kiwanda na neno la muuza duka. Mwaka 1998 Mwingereza Phil Askey alianzisha tovuti ya DPReview, na kazi kubwa iliyofanywa pale kwa miaka mingi ilikuwa ya kuchosha na yenye thamani: meza ileile, vitu vilevile, taa zilezile, halafu kila kamera mpya inapiga picha hiyohiyo. Msomaji aliweka kamera mbili ubavuni mwa nyingine, akakuza kona ya picha, akaamua mwenyewe. Huo ni uhakiki unaomwachia mtu ushahidi, na aliyeko Mlandizi aliuona ushahidi uleule anaouona wa London. Sidhani kama kuna heshima kubwa zaidi ambayo mhakiki anaweza kumpa msomaji wake.

Lakini angalia na nyumba ilijengwa juu ya kiwanja cha nani. Mwaka 2007 tovuti hiyo ilinunuliwa na Amazon, yaani duka. Machi 2023 Amazon ikatangaza kuifunga, na miaka ishirini na tano ya vipimo ikabaki ikining'inia mpaka Juni mwaka huohuo ilipochukuliwa na kampuni nyingine, Gear Patrol. Chris Niccolls na Jordan Drake, waliokuwa wakitengeneza video zake kutoka Calgary, Kanada, walihamia PetaPixel. Simtuhumu mtu kwamba alipotosha kipimo ili duka liuze. Ninachosema ni kwamba hata uhakiki tuliouamini kuliko wote ulikuwa ukiishi kwa ruhusa ya muuzaji.

Fedha zenyewe zinaingia kwa njia inayojulikana. Chini ya video kuna kiungo. Ukikibonyeza ukanunua, mhakiki anapata kamisheni. Sheria za Marekani zinamtaka aseme wazi kama ana maslahi, na wengi wanasema. Ila kutangaza maslahi si sawa na kutokuwa nayo. Madhara yake hayaji kwa njia ya uongo. Yanakuja kwa njia ya uchaguzi wa mada. Uhakiki unaosema "baki na kamera uliyonayo" hauna kiungo cha kuweka chini yake. Ndiyo maana kamera ya mwaka huu inapata video mia, na kamera ya miaka sita iliyopita haipati hata moja.

Na sisi tunanunua ya miaka sita iliyopita. Tunanunua Kariakoo, kamera iliyokwisha kutumika, imekuja kwenye begi la mtu kutoka Dubai au Ulaya, haina boksi, haina waranti. Maswali yetu ni mengine kabisa: shata imeshapigwa mara ngapi? Lenzi ina fangasi ndani? Betri mpya zinapatikana au ni za kuigiza tu? Fundi wa kuifungua yuko wapi? Fangasi pekee wangetosha kuwa somo zima. Ukanda huu wa pwani una unyevu, na lenzi ukiisahau kwenye begi msimu wa masika, ukija kuifungua unakuta nyuzi nyeupe zimetambaa kwenye kioo kama buibui. Kwa mtu wa Calgary, ambako hewa ni kavu, hilo si jambo la kutengea video. Simlaumu. Sisi si wateja wake. Tunasikiliza kwa pembeni mazungumzo ya biashara ya watu wengine.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa Canon EOS R5. Ilipotangazwa Julai 2020 ilikuja na video ya 8K, na video za mwanzo za wahakiki zilijaa mshangao. Kisha ikajulikana kwamba kamera inapata joto na kujizuia. Canon wenyewe walitoa jedwali: 8K kwa takriban dakika 20, halafu isubiri ipoe. Mabishano yakawaka dunia nzima, na mwishoni mwa Agosti ikatolewa programu mpya ya kupunguza tatizo. Lakini mimi nilichokitazama kwenye jedwali lile ni kipengele ambacho wengi walikipita: vipimo vilichukuliwa kwenye nyuzi joto 23.

Nyuzi 23 kwetu ni asubuhi ya Julai, pale mtu wa Kisarawe anapotoka na sweta. Si mchana wa Februari Kibaha, ambapo joto linapita nyuzi 30 hata kwenye kivuli, na chini ya turubai lenye watu mia tatu na majiko nyuma yake mtu unalowa shati kabla maharusi hawajaingia. Jedwali halikudanganya. Liliandika sharti lake wazi. Aliyekosea ni yule aliyeitamka namba 20 na kuiacha 23. Na ukitazama utaona wahakiki wengi hutamka namba ya kwanza, kwa sababu kwao ya pili ni hali ya kawaida ya chumba, kama hewa. Mtu hataji hewa.

Vivyo hivyo kwa umeme. Wetu ni wa hezi 50; wa Marekani na Kanada ni hezi 60. Taa nyingi hupepesa mara mbili ya namba hiyo kwa kila sekunde: kwetu mara 100, kwao mara 120. Jicho halioni, kamera inaona. Mhakiki wa kule anapokushauri urekodi fremu 30 kwa shata ya 1/60, kwake ni ushauri sahihi kabisa. Uchukue ushauri huohuo uuingize ukumbini hapa, chini ya taa za LED za bei nafuu, uone mistari ya giza inavyopanda na kushuka juu ya shela ya bibi harusi. Mara nyingi dawa yake haina gharama: fremu 25, shata 1/50. Lakini nimekutana na vijana waliokwisha amini kwamba kamera zao ni mbovu, wakaanza kutafuta nyingine. Kamera haikuwa na kosa. Ushauri ulivuka bahari bila kubadilishwa.

Kuna pia suala la muda. Nikon D600 ilitoka Septemba 2012 na ikasifiwa. Kilichogundulika baadaye na watumiaji ni kwamba baada ya picha nyingi kupigwa, madoa yalianza kujaa juu ya kihisi. Februari 2013 Nikon wakakiri kuwapo kwa tatizo, Oktoba ikatoka D610, na mwaka 2014 wakajitolea kuzitengeneza bure hata zilizomaliza waranti. Mhakiki aliyeazimwa kamera kwa wiki mbili angeyaonaje madoa yanayokuja baada ya maelfu ya picha? Asingeweza. Kwa hiyo rivyu ya siku ya kwanza inaweza kukwambia kamera ilivyo mpya. Haiwezi kukwambia itakavyozeeka, na anayenunua kifaa cha kulisha familia ananunua uzee wake.

La mwisho ni ngozi. Wapiga picha wa zamani wanaijua habari ya kadi za Shirley: Kodak walizipelekea maabara picha ya mwanamke mweupe ili fundi apange rangi kwa kufuata uso wake. Kwa miongo kadhaa uso huo ndio uliokuwa kipimo cha "rangi sahihi". Mambo yamebadilika sana, lakini tabia ya kupima haijaondoka yote. Mhakiki anasema "kamera hii ina rangi nzuri za ngozi", na kwenye skrini kuna rafiki yake mweupe kando ya dirisha. Mtihani wetu ni huu: uso mweusi, shela nyeupe tupu, usiku, taa ya zambarau ya mpambaji nyuma. Kipimo cha mwanga cha kamera kinaiona shela, kinapunguza mwanga, uso unazama. Ukiuinua kwenye kompyuta, chenga zinajaa mashavuni. Kamera ipi inahimili kuinuliwa huko? Hilo ndilo swali lenye fedha ndani yake kwa mtu wa kazi yangu, na majibu yake nimeyapata kwa wenzangu wa Picha ya Ndege na Tumbi, waliofungua mafaili yao wakanionyesha. Elimu hiyo siku zote imekaa kwenye studio. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, hakuna kijitabu cha kiwanda ambacho kingemwandikia namna ya kuwatendea haki watu wa rangi zote waliopita mlangoni kwake.

Nieleze gharama ya haya yote kwa mtu mmoja. Kijana wa upande wa Maneromango alinijia na fedha za korosho za baba yake, msimu mzima.

"Kaka, nimefanya utafiti. Wote wanasema hii," akaniambia, akinionyesha kamera mpya kwenye simu.

"Wote kina nani?"

Akanitajia wanne. Niliwajua wote, na ninawaheshimu.

"Kati yao nani amewahi kupiga sherehe ya saa sita usiku kwenye turubai, umeme umekatika, jenereta inakoroma?"

Akacheka. Tukapiga hesabu: kwa fedha ileile angepata kamera iliyotumika, lenzi moja yenye mwanga wa kutosha, taa mbili, betri nne na kinasa sauti. Alisikiliza kwa adabu, akashukuru, akaenda kununua ile mpya. Na ni kamera nzuri kweli. Picha zake za mchana zinapendeza kuliko zangu. Ila ana betri moja, taa anaazima kwangu, na kazi za usiku, ambazo ndizo zinazolipa, anazikataa. Baba yake anasubiri fedha irudi kabla ya kununua dawa ya mikorosho. Wahakiki hawakumdanganya hata kwa neno moja. Walijibu vizuri swali ambalo si lake.

Mtu atasema dawa ni kuwa na wahakiki wetu. Tunao, na wanaongezeka, na nafurahi kusikia neno la kazi yangu likitamkwa kwa Kiswahili. Lakini baadhi yao wanachofanya ni tafsiri: wanachukua video ya Mmarekani na kuirudia, namba kwa namba, mpaka na kizuizi cha nyuzi 23 wanakidondosha vilevile. Lugha imebadilika, anwani haijabadilika. Kinachohitajika ni mtu wa kuiweka kamera juani Kibaha na saa mkononi, aseme ilizima dakika ya ngapi. Aipeleke msitu wa Kazimzumbwi asubuhi, mwanga unapopenya vipandevipande, aone fokasi inashika nini. Aifuate ngoma ya mdundiko gizani. Aulizie bei ya betri Kariakoo. Arudi baada ya mwaka.

Mpaka apatikane huyo, kiwango changu cha imani ni hiki. Kilichopimwa na kuonyeshwa kwa ushahidi, nakiamini karibu chote, baada ya kuuliza kilipimwa wapi. Kilichotumiwa kwa muda mrefu na mtu anayekula kwa kamera hiyo, nakiamini zaidi, hata kama mtu huyo hajui kuongea mbele ya kamera. Hukumu ya mwisho, ile ya "nunua" au "usinunue", siichukui kabisa, kwa kuwa haiwezi kutolewa na asiyeijua kazi yangu wala mfuko wangu. Waswahili wa siku hizi wanasema akili ya kuambiwa changanya na yako. Kwenye kamera naongeza: changanya pia na joto la kwenu, umeme wa kwenu, na uso wa mtu atakayekulipa.